Mstari wa Thelathini na Moja

Kila siku ya kazi, saa mbili na robo asubuhi, Tierra Mabry alianza kwa kumwagilia mmea wa dirishani kwa kikombe cha kahawa kilichokatika mkono. Kisha alipangusa kioo cha kompyuta kwa ncha ya sweta yake, akafungua jedwali la wanafunzi na kuteremka hadi waliokubaliwa mwaka 2016, mstari wa thelathini na moja. Akishauona uko palepale ndipo alipoanza kazi, kama mtu anayegusa mfuko kuhakikisha ufunguo upo.

Mstari huo haukuwa na jina. Jedwali lilificha majina. Kila mwanafunzi alikuwa namba, mtaa, na neno moja mwishoni: Alifika, au Hakufika. Huyu wa thelathini na moja alitoka mtaa wa Chatham, alikubaliwa chuoni, na hakufika. Katika ofisi nzima hakuna aliyejua kwamba mwanafunzi huyo ndiye dada mpole aliyekuwa akimwagilia mmea.

Jumanne ile mmea ulipata maji, lakini kioo hakikupanguswa. Mlango ulifunguka bila hodi, na Dk. Whitlow akaingia bila tai. Kwa miaka mitatu Tierra hakuwahi kuiona shingo ya bosi wake.

"Tierra, kaa chini."

"Nimekaa, Daktari."

"Basi acha nikae mimi." Akaketi juu ya rundo la mafaili. "Kamati imesogeza kikao. Si Septemba tena. Ni Ijumaa."

"Ijumaa ipi?"

"Hii inayokuja, mama. Wanataka tathmini ya Mlango Wazi. Ukurasa mmoja. Unaleta watoto chuoni au hauleti. Kama hauleti, wanaufunga kabla muhula haujaanza."

Mlango Wazi ulikuwa mpango wa chuo wa kualika vijana arobaini kila kiangazi, ishirini kutoka South Side, upande wa jiji wenye Chatham, na ishirini kutoka West Side, wakalala bwenini wiki mbili, wakaonja masomo, na waliomaliza wakapewa barua ya kukubaliwa Aprili iliyofuata. Zamani uliitwa waziwazi mpango wa wanafunzi Weusi. Tangu mahakama ya juu ya nchi ikataze vyuo kutazama rangi wakati wa kuchagua, uliuliza mtaa tu. Mitaa ilikuwa ileile na watoto walewale, ila kamati sasa ilitembea kama mtu aliyevuliwa viatu juu ya changarawe.

"Andika kuhusu kijitabu," Dk. Whitlow alisema. "Kabla ya kijitabu walikuwa wanafika nusu. Kilipotoka mwaka 2017, wakaongezeka. Hilo hata mlinzi wa getini analijua."

Kijitabu kilikuwa mtoto wake. Karatasi ya kung'aa, na jaladani kijana mmoja akiicheka chupa ya maabara. Tierra hakuwahi kuelewa chupa ile ilimwambia nini.

"Nitaangalia, Daktari."

"Uangalie nini tena? Wewe andika." Alifika mlangoni akageuka. "Haya, angalia. Lakini Ijumaa utausoma mwenyewe mbele yao. Mimi nikisoma watasema najisifu."

Tierra alitaka kusema hapana. Badala yake alitikisa kichwa kukubali. Kusema mbele ya watu kulimfanya asikie masikio yakichemka.

Akaangalia. Aligawanya jedwali mara mbili, South Side huku na West Side kule, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kwa sababu jumla ilipendeza ilivyo. West Side, kati ya ishirini walikuwa wakifika tisa, kumi, mara moja kumi na mmoja, kabla ya kijitabu na baada yake. South Side walikuwa kumi hadi mwaka 2016. Mwaka 2017 wakawa kumi na sita, na miaka iliyofuata hawakushuka chini ya kumi na saba.

Kijitabu kilikuwa kimekwenda pande zote mbili. Kama ni dawa, mbona ilimponya pacha mmoja?

Alasiri hiyo alianza kupiga simu, kazi aliyoichukia kuliko zote. Aliandika salamu yake kwenye karatasi na kuisoma. Wa South Side waliofika aliwauliza ni nini kiliwasaidia kufika. Wa kwanza akacheka. "Dada, mimi nilimwogopa yule babu wa glavu nyeupe." Wa pili akasema, "Bila karatasi hupewi sanduku. Nilitaka sanduku langu." Wa tatu alipotaja kanisa la Mount Gilead, Tierra alikuwa amekwisha kuweka kalamu chini. Lilikuwa kanisa lake mwenyewe. Na mwenye masanduku alikuwa shangazi yake, Ozella, aliyemlea.

Karamu ya sanduku aliijua kama anavyojua harufu ya nyumbani. Mtoto akipata barua ya chuo, watu wake humfanyia karamu kiangazi kile: sanduku kubwa la safari linawekwa wazi katikati ya ukumbi, na kila mgeni anatumbukiza kitu. Taulo, shuka, sabuni ya kufulia, kandambili za bafuni, pilipili ya chupa. Na kila anayetumbukiza husema neno moja la kumsindikiza. Kisha wanakula kambare wa kukaanga na makaroni ya jibini mpaka mikanda ifunguliwe.

Sanduku la Tierra lilikuwa la kijani, vifungo vya shaba, jina lake limeandikwa kifunikoni kwa rangi nyeupe. Watu sitini walikuja. Karamu ilikuwa Julai. Tarehe tisa Agosti chuo kikamwandikia kwamba nafasi yake imepotea, kwa kuwa fomu ya chanjo na fomu ya bweni hazikuwahi kurudishwa. Zote mbili zilikuwa ndani ya bahasha ileile iliyoleta barua ya kukubaliwa. Siku ile barua ilipofika Shangazi aliichomoa akapiga kelele, majirani wakatoka, na bahasha ikawekwa juu ya friji na mambo mengine mema.

Tierra alipiga simu chuoni. Sauti ikamwambia kwa adabu kwamba muda umepita.

Sanduku lililojazwa halirudishwi. Hakuna aliyewahi kurudisha. Ingekuwa kama kurudisha keki ya harusi baada ya watu kuila. Kwa hiyo Tierra, mwenye miaka kumi na minane na haya ya kumtosha mtu wa sitini, alipanda basi na sanduku lake hadi mji wa Gary kwa binamu yake, akauza donati miezi mitano. Januari akaanza chuo kidogo cha mji, na mwaka uliofuata akahamia chuo kilekile alichokipoteza, kwa mlango wa pembeni. Jedwali halikuhesabu mlango wa pembeni. Kwa jedwali, hakufika.

Na kwa kanisa, hakuwahi kuchelewa. Sikukuu ya Shukrani ya Novemba, alipokuja nyumbani, kila mtu alitaka habari za bweni. Alibanwa kati ya bakuli la mboga na pai ya pichi, akajikuta amesema anaishi na msichana wa Iowa anayeitwa Megan, ambaye hukoroma kama trekta. Watu walicheka sana. Jumatano iliyofuata Shangazi Ozella akamweka Megan kwenye maombi, na hajamtoa tena.

Jumatano jioni Tierra aliteremka ukumbi wa chini wa kanisa. Meza nne zilikuwa zimepangwa mbele ya masanduku kumi na mawili yaliyofungwa, na kila meza ilikuwa na mhudumu wa mlangoni mwenye glavu nyeupe, kama siku ya Jumapili. Meza ya chanjo. Meza ya bweni. Meza ya msaada wa ada. Ya mwisho ilikuwa ya mzee Lucius Tate, aliyebeba barua miaka thelathini na minne posta, na hakuna karatasi iliyopita kwake bila kugeuzwa nyuma.

"Sahihi ya mzazi iko wapi?" alikuwa akimuuliza binti mmoja mrefu.

"Mama yuko kazini, mzee."

"Kazini wana kalamu?"

"Wanazo."

"Basi nenda. Sanduku lako halina miguu, utalikuta hapahapa."

"Mzee Tate, wewe ni mgumu kuliko chuo chenyewe."

"Chuo hakina mashuka. Mimi ninayo. Nenda."

Shangazi Ozella alikuwa nyuma akikunja taulo. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka sabini na mmoja, na ukimkuta akikunja taulo nawe utakunja.

"Msomi, shika ncha hiyo. Si hivyo. Chuoni hawakuwafundisha kukunja?"

"Walitufundisha takwimu, Shangazi."

"Takwimu hazikaushi mgongo."

Tierra alikunja taulo tatu kabla ya kupata ujasiri. "Shangazi, hizi meza zilianza lini?"

"Zamani."

"Zilianza 2017."

"Kama unajua, unaniuliza nini?"

"Kwa nini mwaka huo?"

Ozella aliweka taulo juu ya nyingine, akailainisha kwa kiganja. "Lucius alikuwa amestaafu. Anakaa nyumbani anamhesabia mkewe vijiko. Mkewe akanililia nimtafutie kazi."

Mzee Tate alisikia jina lake, akainua macho, akamtazama Tierra kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akarudi kwenye karatasi zake.

"Kamati inakaa Ijumaa," Tierra alisema. "Nataka uje ueleze meza."

"Mbele ya wasomi? Niseme nini mimi?"

"Useme unachofanya."

"Na wewe utasema nini?"

Tierra alichukua taulo nyingine akaikunja. Shangazi aliwahi kumwambia kwamba kimya chake kingeweza kujaza gunia.

Kabla ya kufunga waliunda duara wakashikana mikono. Shangazi Ozella aliwaombea wagonjwa kwa majina, akaombea masanduku, kisha akafika kule Tierra alikojua atafika. "Tunamkumbuka na Megan, Baba. Popote alipo jioni hii, mpe pumzi. Mwondolee aibu. Mwambie hakuna aliyemkasirikia, na arudi mezani ale na wenzake." Duara likasema amina. Kwa msichana wa kukoroma tu, Tierra aliona maombi hayo yamezidi kipimo, lakini shangazi yake hakuwahi kumwomba Mungu kwa kijiko. Akatazama viatu vyake mpaka mikono ikaachiana.

Alhamisi aliandika ukurasa wake. Aliandika ukweli wote wa namba: kwamba Mlango Wazi unawaingiza watoto, na kwamba kati ya barua ya Aprili na muhula wa Agosti wanapotea njiani, kwamba kijitabu hakikuwabadilisha, kwamba meza nne za kanisa ziliwabadilisha. Alimpelekea Dk. Whitlow. Daktari aliusoma amesimama. Kisha akakivuta kijitabu kutoka kwenye rafu, akamtazama yule kijana wa chupa.

"Nilimlipa chakula cha mchana kwa picha hii," alisema. "Mpigapicha alimwambia acheke tu." Akarudisha kijitabu, jalada likitazama chini. "Soma hivyohivyo ulivyoandika."

Ijumaa Shangazi Ozella alifika amevaa sare yake nyeupe ya kanisani, glavu mkononi, na kisanduku cha keki ya karameli. Alikata vipande kabla mtu hajamkaribisha, na wajumbe saba wa kamati wakajikuta wanakula. Mwenyekiti, Bi Kessler, mwanamke mkavu wa maneno machache, alikula chake chote na kukunja karatasi mara nne.

Tierra alisoma. Masikio yalichemka mwanzoni, kisha namba zikamshika mkono na kumvusha. Ozella akaeleza meza, kwa ufupi, kama mtu anayetoa maelekezo ya jikoni. "Hapewi sanduku mpaka karatasi zote ziwe zimekwenda. Ndivyo tu. Mtoto ataacha barua ya mkuu wa chuo ikae wiki tatu. Lakini taulo zenye jina lake, hizo atazifuata."

Mtu mmoja alicheka. Bi Kessler hakucheka, wala hakununa.

"Namba zako ni safi, Bi Mabry," alisema. "Lakini nataka kuelewa. Hawa wa West Side wasiofika, umejuaje kwamba ni karatasi? Pengine walipata chuo kingine. Pengine waliingia tu kuona, hawakuwa na nia."

"Niliwapigia simu. Nimewapata kumi na mmoja. Tisa walisema ni karatasi."

"Kumi na mmoja ni wachache. Na mtu akipigiwa simu na ofisi husema lolote la kumpa heshima. Nani atakubali kwamba hakutaka? Kama tatizo ni nia, meza hazitasaidia, na nitashindwa kuutetea mpango huu mbele ya wakubwa."

Swali lilikuwa la haki, na hilo ndilo lililomuumiza Tierra. Hakukuwa na safu kwenye jedwali iliyoitwa nia. Dk. Whitlow alikuwa akitazama meza. Nje ya dirisha basi lilisimama, likashusha watu, likaondoka. Tierra alijua kwamba akikaa kimya kidogo zaidi mwenyekiti atasema asante, na mambo yatakwisha kwa asante hiyo, na mwakani vijana ishirini wa West Side watangoja barua ambayo haitakuja. Alijua pia nani ameketi kiti cha pili kushoto, na glavu zake magotini.

"Fungueni ukurasa wa 2016," alisema. "Mstari wa thelathini na moja."

Karatasi zikafunuliwa.

"Chatham. Alikubaliwa, hakufika. Huyo alikuwa na nia. Alikuwa ameshanunua kalenda ya ukutani na kuweka alama siku ya kuhamia bwenini. Alifanyiwa karamu, watu sitini. Fomu mbili zilibaki juu ya friji, na alipozipata muda ulikuwa umepita, na aliona aibu kumwambia mtu yeyote. Sikumpigia simu huyo." Aliinua macho. "Ni mimi."

Bi Kessler alivua miwani, akamtazama kwa muda, kisha akaandika kitu pembeni mwa ukurasa. "Hayo," alisema, "naweza kuyatetea."

Waliamua ndani ya nusu saa. Mlango Wazi utaendelea. Kijitabu kitapumzika, na pesa zake zitapeleka meza kwenye makanisa ya West Side, kama wahudumu wa Mount Gilead watakubali kwenda kuwafundisha wenzao. "Lucius atakubali," Ozella alisema. "Mkewe atamfungashia na chakula." Dk. Whitlow alimshika Tierra mkono kwa mikono yake miwili, akaomba kipande cha keki cha kuondoka nacho.

Muda wote huo Tierra hakumtazama shangazi yake. Waliteremka ngazi, wakavuka uwanja wa magari uliokuwa ukiwaka jua, wakaingia kwenye Buick ya zamani yenye harufu ya pipi za mnanaa. Ozella aliweka kisanduku kitupu kwenye kiti cha nyuma, akavua glavu kidole kimoja kimoja.

"Shangazi," Tierra alisema. "Megan hakuwepo."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu Oktoba ile. Nilikutumia kadi ya siku ya kuzaliwa chuoni. Iliporudi, Lucius, wakati huo bado mpeleka barua, hakuitia kwenye kisanduku cha barua. Alipanda ngazi akagonga. Imepigwa muhuri: hajulikani hapa. Tukakaa naye jikoni tukaitazama."

Tierra alifunika uso kwa viganja. Alidhani atalia, lakini kilichotoka kilikuwa kicheko kidogo, chenye maji. "Na hamkusema."

"Nilimpigia binamu yako, akasema unakula na unaamka kwenda kazini. Nikasema, atasema mwenyewe akiwa tayari. Sikujua utachukua miaka minane na kamati."

"Meza..."

"Meza ni kosa langu, mwanangu, si jambo la kunisifia. Niliichomoa barua ile nikapiga kelele, sikutazama bahasha ina nini kingine. Tukakujazia sanduku mpaka likakataa kufunga, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyekuuliza karatasi. Nilisema haitatokea tena kwa mtoto wa mtu mwingine."

Aliwasha gari. Upepo wa baridi ukaanza kuvuma taratibu kutoka kwenye matundu. Tierra alipangusa macho kwa ncha ya sweta.

"Lakini Shangazi, kila Jumatano. Duara zima linamwombea mtu asiyekuwepo. Mungu atatuonaje?"

Ozella aliweka mkono kwenye gia, kisha akauondoa, akazima gari. Alitazama mbele, kwenye ukuta wa chuo.

"Sikumwombea Megan hata siku moja," alisema. "Nilikuwa nakuombea wewe."